Amundsen na Scott, 1911–1912: tuweke hesabu za depo, mafuta ya taa na nyama ya sili mezani

Dira ya Shaba

Wakuu, ubishi wa Amundsen na Scott umerudi tena kwenye ule uzi wa wavumbuzi, na kama kawaida umeishia kwenye "huyu alikuwa na mbwa, yule hakuwa na bahati". Nimeona tufungue uzi wake, tuchambue hesabu zenyewe.

Hoja yangu ni hii: safari ya Ncha ya Kusini iliamuliwa kati ya Februari na Aprili 1911, wakati wa kuweka depo (akiba za chakula na mafuta zinazoachwa njiani), miezi kadhaa kabla ya mtu yeyote kuelekea Nchani.

Kwa wanaoanza: Roald Amundsen wa Norwei alifika Bay of Whales Januari 1911 na kujenga kambi ya Framheim juu ya barafu ya Ross, ule uwanda mpana wa barafu nene inayoelea baharini. Robert Falcon Scott wa Uingereza alikuwa Cape Evans, upande wa pili wa uwanda huohuo, zaidi ya kilomita 600 kutoka kwa mwenzake. Framheim ilikuwa karibu na Ncha zaidi kwa takriban kilomita 100. Amundsen alifika Nchani wa kwanza na kurudi salama; Scott na wenzake wanne walifika baadaye na wote wakafia njiani kurudi.

Kabla giza la majira ya baridi halijaingia, Wanorwei waliweka depo 3: latitudo ya nyuzi 80, 81 na 82 kusini (Ncha ni nyuzi 90). Jumla ilikuwa karibu tani 3, sehemu kubwa nyama ya sili na chakula cha mbwa. Scott aliweka moja kubwa, One Ton, iliyopewa jina kwa uzito wa mzigo wake. Mpango ulikuwa iwe nyuzi 80. Farasi wakachoka, wakazama kwenye theluji laini, na tarehe 17 Februari 1911 mzigo ukashushwa nyuzi 79 na dakika 29. Kapteni Oates, msimamizi wa farasi, alitaka wasonge mbele, na farasi watakaoshindwa wachinjwe wawe nyama. Scott akakataa.

Sasa angalieni ramani. Hema la mwisho, walimofia Scott na wenzake Wilson na Bowers, lilikuwa takriban kilomita 20 kusini mwa One Ton. Depo ingekaa pale ilipopangwa, wangekuwa wameshaifikia na kuipita.

Karani wa Bandari

Umegusa penyewe mkuu. Ila kuweka depo ni nusu ya kazi, nusu ya pili ni kuiona tena. Kwenye uwanda ule hakuna mti wala jiwe, na ukungu ukishuka huoni hata mbwa wa mbele. Dira nayo ikikupotosha nyuzi 2 tu, baada ya kilomita 100 umekosea shabaha kwa kilomita 3 na nusu.

Amundsen alipanga alama *kukatisha* njia, yaani mashariki na magharibi ya depo. Kwenye ile ya nyuzi 80 alisimika bendera 20, 10 kila upande, zikipishana takriban mita 900. Kwa hiyo depo yenye upana wa mita chache ikageuka shabaha ya kilomita 18. Kila bendera ilikuwa na namba, ili atakayeikuta ajue depo iko upande gani na umbali gani. Hapo hata ukipotea kidogo unakata mstari wa bendera, unasoma namba, unageuka.

Safari yenyewe ilipoanza wakaongeza minara ya theluji njiani. Ilikuwa kama 150, kila mmoja unakaribia mita 2 kwa urefu, na kwa jumla walikata vipande vya theluji kama 9,000. Ndani ya kila mnara kuliwekwa karatasi yenye namba ya mnara, umbali na mwelekeo wa kuufikia uliotangulia. Ni kazi ya kuchosha, na mbwa walipata nafasi ya kupumua wakati watu wanakata theluji.

Upande wa Scott kila depo ilitegemea mnara wake na bendera yake, pamoja na mabaki ya kambi na kuta za theluji zilizojengwa kuwakinga farasi na upepo. Soma shajara za kurudi uone muda uliopotea kutafuta nyayo za zamani na kutazama upeo wa macho kwa wasiwasi.

Njiwa Manga

Naheshimu hesabu zenu wakuu, lakini mnamwonea Scott. Machi 1912 ilikuwa na baridi isiyo ya kawaida. Mwanasayansi wa anga Susan Solomon alilinganisha vipimo vya kundi lile na rekodi za vituo vya kisasa vya hali ya hewa kwenye uwanda huohuo, akaonyesha kwamba baridi ile ilizidi ile inayotarajiwa kwa wakati ule wa mwaka.

Tena baridi haikuwaumiza vidole peke yake. Sleji (hilo gari la kuteleza lisilo na magurudumu) linateleza kwa sababu msuguano unayeyusha utando mwembamba sana wa maji chini ya mbao zake. Ukishuka chini ya nyuzijoto -30 utando huo haupatikani vizuri, na punje za theluji zinakuwa kama mchanga mkavu. Watu wanavuta mzigo uleule kwa nguvu nyingi zaidi na wanapata kilomita chache. Hilo Scott angelipigia hesabu vipi?

Dira ya Shaba

Njiwa Manga, la baridi nakubali, vipimo vipo. Ila uliza kwa nini walikuwa bado njiani mwezi Machi. Amundsen alirudi Framheim tarehe 25 Januari 1912. Scott siku hiyo alikuwa bado juu kwenye nyanda za Ncha.

Sababu ni farasi. Farasi anatoka jasho mwili mzima, jasho linaganda kwenye manyoya, na kila kambi inabidi umjengee ukuta. Hawezi kuanza safari mapema kama mbwa, anayejikunja na kulala chini ya theluji. Ndiyo maana Scott aliondoka Cape Evans tarehe 1 Novemba 1911, wakati Amundsen alishaondoka tangu Oktoba 20. Na chakula cha farasi lazima ukibebe chote toka kambini, maana hakuna jani hata moja kule. Mbwa anakula sili, anakula pengwini, na akikosa anakula mbwa mwenzake.

Sleji za injini pia zilikula muda na pesa. Zilikuwa 3. Ya kwanza ilitoboa barafu na kuzama siku ya kuishusha kutoka melini, Januari 1911. Mbili zilizobaki zilianza safari mwishoni mwa Oktoba zikafa kabla ya kufika mbali, kwa sababu silinda zilipata moto kupita kiasi wakati kabureta inaganda. Watu 4 waliokuwa nazo wakajifunga mikanda wakaanza kuvuta mzigo kwa miguu. Wawili kati yao, Teddy Evans na Lashly, waliendelea kuvuta hadi juu ya nyanda za Ncha, kwa hiyo wao walichoka mapema kuliko wote.

Fundi Pampu

Naomba niingilie kwenye mafuta ya taa, maana watu wengi wanaligusa juujuu.

Makundi yote mawili yalipikia jiko la Primus, lile la pampu. Kazi kubwa ya jiko kule ni kuyeyusha theluji upate maji ya kunywa, kupika kunafuata. Bila mafuta mtu anakufa kwa kiu akiwa amezungukwa na maji yaliyoganda, na pemikani (nyama iliyokaushwa, ikasagwa, ikachanganywa na mafuta) anaitafuna baridi ngumu kama ubao.

Makopo ya Scott yalikuwa na kifuniko cha kuzungusha chenye ringi ya ngozi. Kwenye baridi kali ngozi inakauka na kusinyaa, kifuniko hakibani tena. Zaidi ya hapo makopo yaliwekwa juu ya mnara wa depo ili yaonekane na kuchukuliwa haraka, kwa hiyo jua la kiangazi lilikuwa linayapiga saa 24. Kopo likipata joto mvuke unasukumana ndani na kutoka penye mwanya. Wanarudi depo za uwandani, Februari mwishoni na Machi, wanakuta kila kopo limepungua. Hakuna aliyeiba. Yalivuja taratibu tangu kiangazi.

Kilichoongezea ni mtu wa 5. Mipango yote ilikuwa ya watu wanne wanne: hema, sufuria, mifuko ya chakula ya wiki. Tarehe 4 Januari 1912 Scott alirudisha watu 3 (Teddy Evans, Lashly na Crean), na waliosonga mbele wakawa watano, yeye mwenyewe akiwemo. Kupikia watano kulichukua kama nusu saa zaidi kwa siku, na hiyo nusu saa ni mafuta. Mgawo ulipasuliwa upya juu ya barafu, kwenye upepo.

Amundsen alishakutana na tatizo la mafuta kupotea kwenye safari za kaskazini. Makopo yake yalilehemiwa. Ukitaka mafuta unafungua, ukimaliza unaziba tena. Ni usumbufu, ila mafuta yanabaki.

Mama Zawadi

Shukrani Fundi, hapo nimeelewa. Naomba mwenye ujuzi aeleze chakula. Nimesoma kwamba Waingereza walikuwa na mgawo mzuri tu, sasa njaa ilitoka wapi? Na kiseyeye kilikuwepo au hakikuwepo?

Siha ya Mwili

Mama Zawadi, swali zuri, na majibu yake ni mawili tofauti.

Kwanza kiasi. Mgawo wa Scott wa nyanda za juu, kwa mtu kwa siku: biskuti gramu 450, pemikani gramu 340, siagi gramu 57, sukari gramu 85, kakao gramu 16 na chai kidogo. Hiyo inakupa kama kalori 4,500. Kwa ofisini ni nyingi mno. Kwa mtu anayevuta sleji saa 9 au 10 kwenye baridi hazitoshi, anahitaji zaidi ya 6,000. Stroud na Fiennes walipovuka Antaktika kwa kuvuta wenyewe mwaka 1992–93 walipimwa, na kuna siku matumizi yalizidi 10,000. Kwa hiyo kila siku watu wa Scott walikuwa wanakula misuli yao wenyewe. Edgar Evans (si yule Teddy), mmoja wa wale watano na mkubwa kuliko wote kwa mwili, alipewa mgawo sawa na wenzake, na ndiye aliyefariki wa kwanza, tarehe 17 Februari.

Wanorwei walikula takriban biskuti gramu 380, pemikani gramu 350 na zaidi, chokoleti gramu 125 na maziwa ya unga gramu 60, na walikuwa hawavuti. Wanatembea kwa skii saa 5 au 6, kama kilomita 28, kisha wanalala.

Pili ni vitamini C, na kwenye mgawo ule wa Scott hamna hata chembe. Mwili ukikosa kabisa, dalili zinaanza kujitokeza baada ya kama miezi 3. Teddy Evans alianza kuvuta mwishoni mwa Oktoba, na njiani kurudi, kuanzia Januari, fizi zikavimba, miguu ikapiga rangi ya bluu na kukakamaa, hadi akawa anafungwa juu ya sleji na kuvutwa na Lashly na Crean. Waliposhindwa, Tom Crean alitembea peke yake kilomita 56 kwa saa 18, mfukoni ana biskuti 3 na chokoleti vipande 2, akaleta msaada. Evans akapona. Kwa hiyo ndiyo, kiseyeye kilikuwepo.

Mwaka 1911 vitamini C ilikuwa haijatambuliwa. Waganga wengi wa Uingereza waliamini kiseyeye kinatokana na sumu ya nyama ya kopo iliyoharibika. Lakini Norwei, mwaka 1907, Axel Holst na Theodor Frølich walishaonyesha kwa majaribio ya wanyama wadogo waitwao guinea pig kwamba kinatokana na kukosa kitu fulani kwenye chakula. Na Amundsen mwenyewe alikuwa kwenye meli ya Belgica mwaka 1897–99 ilipokwama kwenye barafu, Dk. Frederick Cook aliwalisha mabaharia nyama mbichimbichi ya sili na pengwini wakasimama tena. Ndiyo maana Framheim mpishi Lindstrøm alitoa nyama ya sili kila siku, haijaiva sana. Ukiichemsha muda mrefu vitamini inapotea. Njiani wakala mbwa.

Karani wa Bandari

Kwa kuwa umetaja mbwa, hesabu yake iwekwe wazi, kwa sababu ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Waliondoka na 52 na sleji 4. Kufika juu ya barafuto (mto wa barafu) ya Axel Heiberg walikuwa 42. Hapo, tarehe 21 Novemba, walipigwa risasi 24, na kambi ikaitwa Duka la Nyama. 18 wakaendelea na sleji 3. Waliorudi hai ni 11. Hiyo ilipangwa kwenye daftari toka mwanzo: kila mbwa alihesabiwa kama nguvu ya kuvuta hadi mahali fulani, kisha kama chakula cha wenzake na cha watu. Mimi siwezi kuisoma bila kuumia. Waliokuwepo nao iliwauma, wanasema wenyewe kwenye shajara zao.

Kitu kingine kinachosahaulika ni useremala. Olav Bjaaland, bingwa wa skii, alikaa chini ya theluji majira yote ya baridi akipunguza sleji kwa randa, kutoka takriban kilo 75 hadi kama 22 kila moja. Masanduku nayo yalichongwa yakawa membamba. Yalifungwa juu ya sleji moja kwa moja na kuwekewa kifuniko cha mduara juu, kwa hiyo jioni unafungua kifuniko, unahesabu biskuti, unafunika. Huhitaji kufungua kamba zilizoganda kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Njiwa Manga

Haya, lakini msimfanye Amundsen malaika. Septemba 8, 1911 aliondoka mapema kupita kiasi kwa hofu ya sleji za injini za Scott. Joto likashuka chini ya -50, miguu ya mbwa ikaganda, pombe ndani ya dira ikaganda. Waligeuka, na siku ya mwisho aliondoka na sleji yake mbio kuelekea kambini, akawaacha wa nyuma watawanyike. Hjalmar Johansen ndiye aliyemrudisha mwenzao Prestrud akiwa hoi, bila hema wala jiko. Kesho yake Johansen akamkosoa mbele ya watu, akaondolewa kwenye kikosi cha Nchani. Huyu Johansen ndiye aliyefika nyuzi 86 kaskazini na mvumbuzi Nansen mwaka 1895. Alijiua Januari 1913.

Dira ya Shaba

Hilo ni kweli kabisa Njiwa Manga, na ni doa kubwa. Lakini tazama alichofanya baada ya pale: alisubiri karibu wiki 5, akapunguza kikosi toka 8 hadi 5, na viatu vya skii vikashonwa upya. Ratiba ikabadilishwa ifuate hali ya hewa.

Niongeze chanzo cha ujuzi wake. Mwaka 1903–05, akiwa na meli ndogo ya Gjøa kaskazini mwa Kanada, aliishi jirani na Wainuiti wa Netsilik. Wao ndio waliomfundisha kuvaa ngozi za reindia (kulungu wa kaskazini) zikiwa pana ili hewa ipite na jasho lisigande, kupaka maji chini ya sleji yagande na kuteleza, na kutokimbiza mbwa. Tunasema Mnorwei alijua, tuwataje na walimu wake.

Kwa haki ya Scott lazima niseme nguo za manyoya zisingewafaa watu wake wakati wa kuvuta. Anayevuta mzigo anaoga jasho. Shida yao ilikuwa mifuko ya kulalia, ambayo ilinyonya unyevu kila usiku na kuwa mizito ya barafu.

Mama Zawadi

Swali la mwisho kwangu: walijuaje wamefika Nchani? Hakuna alama yoyote pale. Na kwa nini Peary, yule Mmarekani aliyedai kufika Ncha ya Kaskazini, anatiliwa shaka mpaka leo, wakati Amundsen hapana?

Karani wa Bandari

Mama Zawadi, ni jua. Ukiwa Nchani hasa, jua halipandi wala halishuki kwa saa 24, linazunguka kwenye kimo kilekile. Katikati ya Desemba ni nyuzi 23 na kidogo juu ya upeo. Ukiwa umekosea kilomita 10, mzunguko wa jua unapanda na kushuka kidogo sana, ila sekstanti (chombo cha kupima kimo cha jua) inalikamata.

Walifika tarehe 14 Desemba 1911 kwa makadirio ya gurudumu la kupimia umbali lililofungwa nyuma ya sleji. Watatu wakatumwa kwa skii kila mmoja upande wake, kama kilomita 20, wapande alama, ili kosa lolote la makadirio liwe ndani ya eneo hilo. Kisha wakapima jua kila saa kwa mchana na usiku mzima, kwa sekstanti na trei ya zebaki inayofanya kazi ya upeo bandia. Wakahamia mbele kilomita chache, wakarudia. Wanne kati ya watano walikuwa wanajua kupima, na daftari zilisainiwa. Hesabu za baadaye ziliweka hema lao ndani ya kilomita 3 za Ncha yenyewe. Scott alilikuta hema hilo mwezi mmoja baadaye, na vipimo vya Bowers vilikubaliana.

Peary ni kinyume. Tarehe 1 Aprili 1909 Kapteni Bartlett alipima nyuzi 87 na dakika 47, kisha akarudishwa. Waliobaki na Peary ni Matthew Henson, Mmarekani mweusi aliyesafiri naye zaidi ya miaka 20 na aliyezungumza lugha ya wenyeji vizuri kuliko wazungu wote wa kundi lile, pamoja na Wainuiti wanne: Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah. Henson ndiye aliyekuwa akitangulia kufungua njia. Lakini hakuna aliyebaki, zaidi ya Peary, aliyeweza kuthibitisha latitudo, na hakupima longitudo njiani ingawa barafu ya kule inaelea na kusogea.

Halafu kasi. Toka pale alipogeuka Bartlett hadi Nchani ni karibu kilomita 246 kwa mstari mnyoofu, na Peary alidai alizimaliza kwa miendo 5. Hiyo ni kama kilomita 49 kwa mwendo mmoja, mbali sana na kasi ya kundi lilelile wakati Bartlett yupo na anapima.

Ndiyo maana watu wa kwanza kufika ncha zote mbili bila ubishi ni Amundsen na mwenzake wa safari Oscar Wisting: kusini mwaka 1911, kisha kaskazini tarehe 12 Mei 1926 wakiwa ndani ya puto la injini lililoitwa Norge.